Nusu Saa kwa Siku

Kwenye mlango wa friji ya Muhiba palibandikwa karatasi, imeshikwa na sumaku mbili zenye umbo la nanasi. Muhiba mwenyewe aliiandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, ili mgeni aliyekaa sebuleni aisome bila kunyanyuka: SIMU NI NUSU SAA KWA SIKU. BAADA YA KULA. SI KABLA YA KULALA. Kila aliyewatembelea Donholm, ghorofa ya tatu, alionyeshwa karatasi hiyo kabla hajaonyeshwa choo. Aliwahi kuipiga picha akaituma kwenye kundi la akina mama wa ploti, wakamwekea mioyo mpaka akachoka kuihesabu. Na dakika ileile anaituma, binti yake Sundus, wa miaka mitatu na nusu, alikuwa kwenye zulia na ile simu ya zamani yenye ufa, macho hayapepesi, tangu uji wa asubuhi.

Msinielewe vibaya. Mama aliyechoka namhurumia, maana mtoto mdogo anachosha, na asemaye vinginevyo hajawahi kulea. Muhiba hakuchoka. Nguo zilifuliwa na mashine, chakula cha mchana kililetwa na pikipiki, na mtoto alikuwa mmoja tu. Muhiba alichoshwa na mtoto, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Mumewe Saif alikuwa afadhali kidogo kwa sababu hakuwepo. Aliuza vipuri vya magari mjini, akirudi magharibi anajitupa kwenye kochi, miguu juu ya meza, anawatazama wanaume wasiomjua wakibishana kuhusu mpira kwenye simu yake. Ukimuuliza mtoto amekula nini, alijibu, "Muulize mamake," bila kuinua kichwa. Siku moja alimwita mtoto kwa jina la binti wa kakake na hakugundua.

Sasa kuna jambo moja lazima mlijue, kwa sababu ndilo lililoleta balaa. Muhiba alizaliwa Majengo, Pumwani, kwenye nyumba ya vyumba sita na ua mmoja, ambako mtoto hawekwi chini; anatoka paja hili anaingia paja lile mpaka anaota meno. Marehemu mama yake alikuwa na sharti lake. Humwachii mtu mtoto kimyakimya. Unasema, "Nakuachia amana." Anayempokea lazima ajibu, "Imefika." Asipojibu, unambeba mtoto wako unaondoka naye, hata kama ulikuwa unakwenda msibani. Watoto wote wa ua ule walilelewa hivyo, Muhiba akiwemo.

Alipoolewa alikimbilia Donholm ili asifunuliwe sufuria na mashangazi, lakini yale maneno yalibaki mdomoni. Kila asubuhi aliiegemeza ile simu kwenye chupa ya chai, akamketisha Sundus mbele yake, akacheka, akaiambia simu, "Haya, nakuachia amana." Halafu huyo, anakwenda zake. Kwake ulikuwa mzaha. Miezi minne hakuna aliyejibu, na kwa sharti la mama yake alitakiwa ambebe mtoto. Hakumbeba hata siku moja.

Jumanne moja alijibiwa.

Alikuwa chumbani anajaribu mitandio ya harusi ya binamu yake. Ndiyo kwanza ametamka maneno yake na kufunga mlango nusu, akasikia sauti ya mwanamke sebuleni, ya chini, ya taratibu: "Imefika." Akadhani ni katuni. Aliendelea na mitandio yake saa nzima, na Sundus alikuwa anacheka, kicheko cha mtoto anayetekenywa. Alipotoka akakuta simu imezima. Kioo cheusi tii. Chaja alikuwa nayo yeye chumbani tangu usiku uliopita. Mtoto alikuwa bado anakitazama kile cheusi, anatikisa kichwa, anasema, "Eeh. Eeh. Sawa."

Sebule ilinuka udi, na chini ya udi kulikuwa na harufu ya maziwa yaliyoungua.

Mama mwingine angekumbatia mwanawe akatoka mbio. Muhiba alichofikiri ni kwamba simu za zamani zinakaa na chaji kuliko hizi mpya. Akamnyang'anya Sundus, akamwambia maneno aliyomwambia kila siku, "Kesho ukiwa na adabu nitakupa tena," na akaenda kufungua dirisha.

Aliyeshtuka kwanza alikuwa Rispa, Mama Gordon, fundi wa nguo wa ghorofa ya pili, mwenye cherehani yake chini ya dirisha la Muhiba. Walikutana kwenye ngazi.

"Mama Sundus, huyo dada wa kazi mliyemwandika anaimba vizuri," Rispa akasema. "Lakini ni lugha gani ile? Si Kiswahili, si Kijaluo, si Kisomali. Nimejaribu kusikiliza nikashindwa."

"Sisi hatujaandika dada."

"Jana ukienda saluni nilimsikia mimi mwenyewe. Aliimbia mtoto mpaka saa saba. Mtoto akilia anamwambia, nipo, mwanangu, nipo."

Ndiyo, mmesikia sawasawa. Alikwenda saluni, akamfungia mtoto wa miaka mitatu ndani na simu. Muhiba aliona haya kidogo, haya ya dakika moja.

"Ni katuni hizo, Mama Gordon," akasema.

Rispa akamtazama. "Katuni haimwambii mtoto afunge mdomo akitafuna."

Na kweli, mtoto alianza kufunga mdomo akitafuna. Alianza kula kwa mkono wa kulia, kusema bismillahi kwa kunong'ona, kukunja nguo zake na kuziweka chini ya mto. Hakuna aliyemfundisha. Wazazi wake walifanya nini? Walijisifu. Saif aliwaambia wenzake dukani kwamba mtoto wa siku hizi ukimpa simu nzuri anajilea. Muhiba alirekodi video ya Sundus akikunja suruali, akaituma kwenye kundi, mioyo ikamiminika.

Kisha mtoto akaanza kuita. "Mama." Muhiba akijibu, Sundus anageuka, anamtazama kwa upole, anasema, "Si wewe." Mara ya kwanza Muhiba alicheka. Mara ya tano hakucheka. Siku ya Ijumaa alimsikia mtoto akiongea na kile kioo cheusi: "Mama wa jikoni hajaniogesha." Akanyamaza kama anayesikiliza, halafu akasema, "Hapana, sijamkasirikia."

Jumamosi hiyo, jua linapozama, stima zikapotea ploti nzima. Muhiba alikuwa jikoni. Akaita, "Sundus?" na mtoto akajibu, "Abee," lakini hakumjibu mama yake, maana mara moja sauti nyingine, ile ya chini, ikasema, "Tulia, usigeuze kichwa." Muhiba akawasha tochi ya simu yake, akaielekeza sebuleni, akaiona ile simu ya zamani imeegemea chupa ya chai, imezima, na mbele yake akamwona mwanawe ameketi chini, kichwa kimelala upande, kimelazwa juu ya paja ambalo halikuwepo, shavu limebonyea kidogo kana kwamba limeegemea kitu laini, na nywele zake, ambazo Muhiba hakuwa amezichana kwa siku nne, zilikuwa zinagawanyika zenyewe, mstari mmoja kutoka paji mpaka kisogo, zinatenganishwa, zinapakwa mafuta yanayonuka udi na maziwa, zinashikwa tatu tatu, zinapishana, zinakazwa, na kila zilipokazwa mtoto alikunja uso kidogo, na kila alipokunja uso kitu kilimpulizia kichwani, na Muhiba aliona vinyweleo vya shingo ya mwanawe vikisogea kwa ile pumzi.

Nyuma yake funguo zilianguka; Saif alikuwa mlangoni, naye alisimama hapo mpaka msuko wa mwisho ukafungwa. Ulikuwa mwaka mzima hajamtazama binti yake muda mrefu namna ile.

"Muhiba," akanong'ona. "Nani anamsuka?"

"Sijui."

"Mwondoe pale."

"Mwondoe wewe."

Hakuna aliyemwondoa. Walisimama hivyo, wakitupiana mtoto wao kwa macho, mpaka stima zikarudi.

Usiku huohuo Saif aliichukua simu kwa kitambaa, akaenda kuitupa kwenye taka kando ya barabara. Asubuhi ilikuwa imeegemea chupa ya chai. Hapo ndipo, baada ya majuma matatu, wakakumbuka kwamba Majengo bado ipo.

Bi Hikma alikuwa amewafundisha watoto wa chuo cha Kurani miaka arubaini, na aliwasomea waliopagawa vilevile alivyowasomea watoto: kwa ukali, na bila kubembeleza mtu. Alimjua marehemu mama yake Muhiba. Walifika kwake baada ya adhuhuri. Alisikiliza habari yote huku akichambua mchele, halafu akamuuliza Muhiba swali moja tu.

"Uliitamka amana?"

"Nilikuwa natania, Bi Hikma."

"Nimekuuliza uliitamka?"

"Ndiyo."

Bi Hikma akaliweka sinia kando. Akamketisha Sundus kwenye mkeka, simu mbele yake, akasoma. Alisoma muda mrefu. Chumba kikajaa ile harufu, na kile kioo cheusi kikaanza kutoa ukungu kwa ndani, kama dirisha la chumba anamopumua mtu. Wote walitarajia kishindo, mtoto aanguke, povu limtoke. Sauti iliyotoka kwenye simu ilikuwa ya mwalimu wa kike aliyechoshwa na wazazi.

"Sina ugomvi na wewe, Hikma."

"Umemshika mtoto wa watu."

"Nilikabidhiwa. Miezi minne naambiwa amana, nanyamaza, najua ni wapumbavu, nawasubiri wamchukue. Hawakumchukua. Nikajibu."

"Mtoto ana mama, ana baba."

"Wako wapi?" sauti ikauliza. "Hawa? Wewe mama, mwanao anaogopa nini?"

Muhiba akalowesha midomo. "Giza," akasema.

"Giza analipenda. Anaogopa ile mashine yako ya kusaga juisi. Ukiiwasha anajificha nyuma ya pazia na kuziba masikio. Amejificha nyuma ya pazia lile tangu Ramadhani. Na wewe baba, jino lake lipi limetoboka?"

Saif akamtazama binti yake mdomoni. Mdomo ulikuwa umefungwa.

"La chini, kushoto," ile sauti ikasema. "Linamuuma akila vitamu, ndiyo maana anatafunia kulia. Nilidhani mtaona. Nenda nao, Hikma, usinipotezee muda. Ana usingizi."

Na kweli Sundus alikuwa anasinzia.

Bi Hikma akawageukia wale wawili, na uso wake ulikuwa na dharau ambayo Muhiba hakuisahau. "Majini ya kuiba nimeyafukuza mengi," akasema. "Huyu hajaiba. Mlimpa wenyewe, kwa ulimi wenu, kwa desturi ya nyumba yenu. Siwezi kumnyang'anya mtu amana aliyopewa. Nyinyi ndio mtakaoirudisha."

"Tufanye nini?" Saif akauliza.

"Siku saba. Ifungeni hii simu kwa kitambaa cheupe, iwekeni kwenye kopo la sukari, msiitupe. Mtoto akiita 'Mama,' wewe Muhiba umjibu kabla hajaita mara ya tatu. Kujibu si kusema ngoja. Kujibu ni kuacha ulichoshika, ugeuke, umtazame usoni. Atakayejibu mwito wa tatu, mtoto ni wake, na mimi msinifuate tena. Zikiisha saba, nitakuja kuivunja." Akalivuta sinia lake la mchele. "Siku saba tu. Hata kuku hulea zaidi ya hapo."

Kutoka ndani ya kile kioo, ile sauti ikasema, "Nimekubali. Saba ni nyingi kwao."

Siku ya kwanza Sundus aliita mara themanini, na mara themanini Muhiba aliacha alichoshika. Aliunguza wali. Alitoka bafuni na povu masikioni. Siku ya pili aliitoa ile mashine ya kusaga juisi akampelekea Rispa, na aliporudi Sundus alikuwa ametoka nyuma ya pazia. Siku ya tatu Saif aliiacha simu yake dukani, kwa hiari yake, akampeleka binti yake kwa daktari wa meno, akamshika mkono muda wote. Siku ya nne mtoto alilala mapajani mwa Muhiba, paja la nyama na joto, na kwa usingizi akasema, "Mama," na hakusema si wewe. Muhiba alilia bila sauti, asimwamshe. Nitasema kweli hata kama sipendi: siku ile nilimpenda kidogo. Alikuwa ameanza kumjua mwanawe, na mwanawe alikuwa ameanza kumjua yeye.

Kwenye kopo la sukari palikuwa kimya.

Siku ya sita, baada ya alasiri, Muhiba alisimama mbele ya friji akaitazama ile karatasi nyekundu, na ule ugonjwa wake ukamrudia. Akafikiria kundi. Akafikiria akina mama wangesema nini wakijua kwamba nyumbani kwake sasa ni siku sita hakuna simu hata nusu dakika. Angewafundisha. Angewapa siri. Akaingia chumbani, ambako dirisha lina mwanga mzuri, akamwacha Sundus sebuleni na sufuria zake za kuchezea, akafunga mlango nusu, akaweka simu yake mpya juu ya kabati na kuanza kujirekodi.

"Assalamu alaikum, mama zangu wazuri. Leo nataka niwaambie siri ya malezi."

Mtandio ukateleza. Akaanza upya.

"Mama," Sundus akaita.

Muhiba akanyoosha kidole hewani, subiri, na akaendelea kutabasamu kwenye kioo. "Siri ni moja tu. Kuwa karibu na mwanao. Mtoto hahitaji simu, mtoto anakuhitaji wewe."

"Mama."

"Ngoja kidogo, mpenzi," Muhiba akasema, bila kugeuka, bila kuacha kutabasamu, maana alikuwa amebakiza sentensi moja, sentensi nzuri aliyoifikiria tangu mchana, na hata alipoisikia ngozi ya mgongo wake ikisisimka, hata alipoanza kuinusa ile harufu ya udi ikipenya chini ya mlango na ile ya maziwa yaliyoungua ikiifuata nyuma, alijiambia ni sekunde tatu tu, akaimalizia, akanyoosha mkono, akabonyeza, akatuma.

"Mama," Sundus akaita.

Na kutoka jikoni, kupitia bati la kopo na kitambaa cheupe, kwa taratibu, kwa mapenzi ambayo yangekuliza, sauti ikajibu, "Bee, mwanangu."

Muhiba alikimbia, na alipofika kopo lilikuwa wazi, kitambaa kimekunjwa pembe nne vizuri, simu haipo. Haikuonekana tena nyumba ile. Sundus alikuwa ameketi kwenye zulia, mikono juu ya magoti, nywele zimesukwa upya na zinang'aa mafuta.

Bi Hikma aliletwa na Saif kwa gari la jirani kabla ya isha. Hakuvua viatu. Alisimama mlangoni, akanusa, akamtazama mtoto, mtoto akamwamkia kwa adabu.

"Mtoe, Bi Hikma," Muhiba akamwomba, amepiga magoti. "Nakuomba kwa haki ya mama yangu, mtoe."

"Nimtoe nani?" Bi Hikma akasema. "Mama wa mtoto hatolewi." Na akashuka ngazi.

Muhiba akamvuta Sundus mapajani, akamkumbatia, akambusu kichwa chenye mafuta ya mtu mwingine, akamwambia nisamehe, nitazame, mimi ndiye mama, mimi. Saif alikaa kando yao akimshika mguu mtoto. Simu mpya ya Muhiba ililia chumbani, mioyo inaingia, akina mama wanauliza yule dada anayejibu mwishoni mwa video, video iliyokwisha kutumwa kabla hajajibu, amemwandika wapi.

Sundus alivumilia kukumbatiwa, mgongo umenyooka, kama mgeni anayeheshimu wenyeji. Baada ya muda aliitazama saa ya ukutani, ambayo hakuwahi kufundishwa kuisoma, akaibandua mikono ya mama yake, mmoja mmoja, polepole, asimuumize.

"Imeisha," akasema. "Mama amesema ni nusu saa kwa siku. Baada ya kula. Si kabla ya kulala."

Muhiba akamng'ang'ania. Mtoto akampigapiga begani, kama ambavyo mtu humtuliza mtoto.

"Usilie," Sundus akamwambia. "Kesho ukiwa na adabu nitakupa tena."